Kijiji Kilichoitwa Mabaki

Wiki niliyoagwa afisini, vijana wa idara ya takwimu walinipa saa ya ukutani na keki, kisha wakaniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu ya kazi. Nadhani walitaraji nieleze nilivyopanda vyeo. Hayo yamo kwenye faili langu na hayana ladha. Nilikuwa nimekusudia kuandika mambo mepesi ya kuchekesha, mpaka nilipokuwa nakusanya vikombe vyangu nikainua macho na kuiona ramani mpya ukutani. Maeneo yamepakwa rangi kwa wingi wa watu wake: mengine mekundu, mengine ya machungwa, mengine ya manjano. Pembeni zimebaki sehemu za kijivu, na chini, penye maelezo ya rangi, pameandikwa "Mengineyo".

Hasira zilinipanda pale pale nilipokuwa nimesimama na vikombe mkononi. Neno hilo nalijua tangu halijavaa suti. Zamani tukiliita "mabaki", na nimeona kwa macho yangu mtu aliyetiwa humo anapatwa na nini. Basi nitawaandikia hilo, na saa ya ukutani nashukuru, inakwenda vizuri.

Nilifika Maskati mwaka uliofuata mapinduzi ya Unguja, mjane, nikiwa na mama mkwe wangu na masanduku yetu. Unguja nilikuwa nikisomesha hesabu skuli ya wasichana. Maskati ya wakati ule skuli ya wasichana haikuwako, kwa hivyo hesabu zangu zikawa za kupima unga. Nilishona kofia, nilipika maandazi ya watu, na jioni nilimsikiliza mama mkwe akilalamika kwamba chai ya huku haina maziwa ya kutosha. Miaka ikapita hivyo, na nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba nitazeeka na sindano mkononi.

Aliyenitoa humo ni Maalim Nassor, jirani yetu wa tangu Unguja, mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Yeye alikuwa karani wa kuhesabu watu Unguja na Pemba enzi za Mngereza, na huko Matrah, bandari ya jirani na Maskati, alipata kazi katika afisi ya wahandisi wa kigeni walioletwa kupanga mabomba ya maji na mambo ya afya. Afisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya ghala la ndimu kavu. Mpaka leo nikinusa ndimu kavu kwenye mchuzi nahisi nimesahau kujumlisha kitu. Maalim aliwaambia wakubwa wake kwamba kazi haitakwenda bila ya mwanamke, kwa sababu wao watahesabu wanaume wa barazani na nyuma ya pazia watabahatisha. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Siku ya kwanza hakunipa karatasi. Alinipitisha vichochoro vya Matrah asubuhi nzima huku akinifunza. Kwanza, mtu hahesabiwi kwa kidole. Ukimnyooshea mtoto kidole mama yake atamfunika kanga na hutamwona tena. Pili, usimuulize mama ana watoto wangapi. Atakwambia "wa Mungu" na ataogopa husda ya jicho lako mwaka mzima. Muulize majina, mmoja mmoja, kama mtu anayeuliza hali, na idadi uiweke mwenyewe kichwani. Tatu, usitie alama ya chaki kwenye mlango wa mtu bila ya kumwomba, maana mlango ni uso wa nyumba. Vifaa vyangu vilikuwa ubao wa kuandikia, penseli iliyofungwa uzi shingoni, chaki, chupa ya maji na mwavuli. Nyinyi sasa mna vifaa vinavyowaka taa, lakini bado naona mnanyoosha vidole.

Nyumba ya mwanzo kabisa niliyoingia, bibi mmoja mzee aliyekuwa anachambua mchele aliniuliza, "Mnatuhesabu mtugaie nini?"

Nimekaa mikutano mingi sana tangu siku ile, na wataalamu wa kila aina, na sijapata kusikia swali la maana kuliko hilo.

Jibu tulilipata kwa mkubwa wetu, Mista Dankan. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili. Alikuwa mtu mkweli, mchapa kazi, hakumpandishia sauti yeyote, na alikunywa kahawa yetu bila kukunja uso. Siku moja alishuka ghalani akarudi na kofia imejaa ndimu kavu, akazimwaga mezani ili atueleze namna maeneo yanavyopangwa. Rundo kubwa akalisogeza katikati: hilo ni Maskati na Matrah pamoja, ndicho kitovu, kwa sababu watu wake wamepita idadi aliyoiweka kuwa kikomo. Akachukua ndimu za karibu, akazigusisha na rundo: hivi ni vijiji ambavyo watu wake wengi huenda kitovuni kufanya kazi, basi vinahesabiwa eneo moja na kitovu, na vitatumia spitali na maji ya kitovu. Kisha akafanya rundo dogo la pili mbali kidogo. Pakitokea mahali pengine penye watu wanaopita kikomo kidogo alichokiweka, hapo patakuwa kitovu cha pili. Patajengwa chumba cha dawa, patawekwa tangi la maji, na atakaa nesi anayejua kuzalisha. Fedha zilitosha chumba kimoja na nesi mmoja tu, kwa hivyo mahali pamoja tu ndipo patakapopata.

Ndimu zilizobaki akazikusanya kwa kiganja akazisukuma pembeni ya meza. "Na haya ni mabaki," akasema.

"Mabaki ya nini, Mista?" Maalim Nassor akamuuliza.

"Ya hesabu. Watu wachache waliotawanyika. Kila nchi inayo."

Ndimu moja ikaanguka chini. Maalim akainama akaiokota, akaifuta vumbi kwa shati lake na kuirudisha mezani.

Hesabu ilipangwa kuanza katika joto. Hakuna aliyeuliza kwa nini joto, kwa sababu jibu lilikuwa ukutani, kwenye kalenda: Mista Dankan alitakiwa apeleke taarifa kabla hajaenda likizo kwao. Mimi na Maalim tulikuwa watu wa Unguja. Kwetu mtu akihama ni harusi au talaka. Tulikuwa tunajua kwamba watu wa Oman wakati wa qaidh, joto la kuvuna tende, hutoka nje ya mji kwenda mashambani, lakini tukidhani ni watu wenye nafasi wanaokwenda kupunga upepo. Tulitaka kazi iishe kama Mista alivyotaka.

Tukaanzia Wattaya. Nyinyi Wattaya mnaijua kwa maduka ya magari. Wakati ule ilikuwa mashamba ya mitende na visima, na vibanda vya makuti vimepangwa chini ya kivuli, na kwenye qaidh palijaa watu tele. Moshi kila upande, watoto, punda, mikeka ya tende juani. Mista Dankan alifuatana nasi siku ile na nilimwona anavyofurahi. "Huu ni mji," aliniambia. "Mbona hakuna aliyeniambia kwamba hapa pana mji?"

Mwenye shamba kubwa alikuwa mfanyabiashara wa Matrah, na mkewe, Bi Thuraya, alikulia Mkunazini, Unguja, kwa hivyo tulipokutana tulikumbatiana kama ndugu. Nikakaa naye upande wa wanawake, nikatoa ubao. Swali letu lilikuwa moja tu: nani alilala hapa jana usiku? Akanitajia wanawe, wakwe zake, watumishi. Nikawaona wanawake wengine wengi wanaopanga tende kwenye makanda, nikauliza, "Na hawa?"

"Hawa wageni wangu. Watu wa Bustan, wavuvi wa pwani. Kila qaidh wanakuja na waume zao wanatusaidia kuvuna, wanapata fungu lao la tende, kisha wanarudi kwao."

"Basi hawa si wa hapa. Niwaandike pembeni, wageni."

Bi Thuraya akaweka chini kikombe cha kahawa. "Bi Khola, weye ushakuwa wa huku sasa, jifunze. Mtu kala kwangu, kalala kwangu, mie nimtaje kuwa si wa nyumba hii? Mbele yake? Nitaonekana mtu wa namna gani? Waandike kwangu wote."

Nilisogea kando nikamuuliza Maalim aliyekuwa kwa wanaume. Kule nako hali ni hiyo hiyo. Mwenye shamba alikuwa amemkemea kwa adabu: mgeni wa mtu ni wa nyumba ya mtu mpaka aondoke. Maagizo yetu yalikuwa kumwandika mtu pale alipolala, na wenye nyumba wakasema hawa wamo nyumbani mwao. Tukaandika. Hatukukosea maagizo hata kidogo, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Katika wale wanawake wa Bustan palikuwa na mmoja aliyenijibu kwa Kiswahili kabla sijamaliza Kiarabu changu cha kuokoteza. Aliitwa Zuwena. Mama yake alikuwa wa Pemba, alimzalia Bustan na kumwachia lugha. Kijana, mcheshi, mikono imejaa utomvu wa tende, na tumbo limeanza kuonekana.

"La kwanza?" nikamuuliza.

"La kwanza. N'tazaa wakati wa baridi, kwetu, inshallah. Bi Khola ukija Bustan nyumba yangu huikosi. Mlango n'meufunga kamba, na kwenye fundo n'metia kipande cha kanga nyekundu ya mama. Kila mtu ana fundo lake. Ukirudi ukikuta fundo limegeuka, ujue kaingia mtu."

"Na huko Bustan mkunga nani?"

"Alikuwako bibi mmoja, kafa mwaka jana. Sasa tunasikia mnatuletea nesi. Ati kweli?"

"Kweli," nikamwambia. Niliamini ninalosema.

Siku chache baadaye tukaenda Bustan, asubuhi, kwa mashua kutoka Maskati. Kijiji kiko kwenye ghuba iliyobanwa na milima, na kwa nchi kavu ni kupanda njia ya mawe ambayo hata punda huifikiria. Tuliposhuka hapakuwa na sauti. Hapakuwa na moshi wala kuku. Nilipita mlango baada ya mlango, na kila mlango umefungwa kamba, na kila kamba ina fundo lake: hili limetiwa ganda la chaza, lile limesokotwa na ngozi. Nikauona mlango wenye kipande cha kanga nyekundu.

Waliokuwako ni vikongwe wachache na mzee mmoja aliyeachwa alinde nyavu. Maalim akamuuliza watu wako wapi. Mzee akamtazama kama anayeulizwa jua limekwenda wapi.

"Kwenye tende," akasema.

"Wote?"

"Wote. Wanarudi tende zikiisha. Nyinyi mmekuja wakati gani huu?"

Maalim Nassor alikaa juu ya jiwe akavua miwani. "Bi Khola," akaniambia, "watu wa hapa sisi tushawahesabu. Tumewahesabu wote, na tumewatia mji wa watu wengine."

Njiani kurudi nilikuwa nafikiri kwamba ni jambo jepesi kulirekebisha. Tumeliona mapema, ramani haijachorwa, mkubwa wetu ni mtu mkweli. Tutamwambia, atatwambia tungoje baridi, tutarudi tuhesabu tena, na nesi atakwenda anakotakiwa.

Tukamweleza. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatuuliza maswali mazuri, akaandika. Kisha akasema, "Lakini kila mtu amehesabiwa mara moja?"

"Mara moja," Maalim akajibu.

"Hakuna aliyeachwa na hakuna aliyerudiwa?"

"Hakuna."

"Basi jumla ni sahihi."

"Jumla ni sahihi, Mista," nikamwambia. "Nesi humtii kwenye jumla. Nesi unamtia mahali. Na hao watu hapo mahali hawakai."

"Wanakaa wakati wa hesabu, na ndiyo kanuni. Nikiibadili hapa, taarifa yangu haitalingana na ya mahali popote pengine duniani." Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kama angenitukana. "Bibi, nikingoja baridi, taarifa haiendi, na isipokwenda mwaka huu fedha za nesi zinarudi. Unataka asiwepo nesi kabisa?"

Hapo alinifunga mdomo, kwa sababu hilo sikulitaka. Lakini nilijua, na yeye alijua, kwamba fedha hazikuwa zinakimbia hivyo. Kilichokuwa kinakimbia ni likizo. Aliruhusu tuandike maelezo kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Maalim aliyaandika kwa hati nzuri sana. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuyasoma.

Ramani ikatoka. Wattaya ikapakwa kijani kibichi, kitovu cha pili. Bustan ilikuwa imebaki na wale vikongwe na mlinzi wa nyavu, na wavuvi wake hawakuajiriwa na mtu yeyote Maskati hata waunganishwe na kitovu cha kwanza, basi ikapakwa kijivu. Mabaki. Watu wale niliokaa nao, nikala tende zao, nikaandika majina yao mmoja mmoja kwa adabu zote nilizofunzwa, wakawa mabaki ya mezani.

Chumba cha dawa kilijengwa Wattaya kwa haraka ya kupendeza. Nesi alikuja kutoka India, dada mmoja mpole, tukimwita Sista Mariama. Alipofika tende zilikuwa zimeisha. Wenye mashamba walikuwa wamerudi Matrah, wavunaji wamerudi pwani kwao, na Wattaya ilibaki na wachunga visima na mbuzi. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amepanga chupa zake rafuni, vifaa vya kuzalishia vimefunikwa kitambaa cheupe, sakafu inang'aa. Aliniuliza kwa Kiarabu chake kidogo, "Watu wako wapi?" Nilimwambia wamerudi kwao. "Na mimi nimewekwa hapa kwa ajili ya nani?" Nikamwambia hilo aulizwe mwenye ramani.

Zuwena aliumwa uchungu katika baridi, kama alivyosema. Bahari siku hizo ilikuwa imechafuka na mashua hazikutoka. Uchungu ulipokuwa mrefu kupita kiasi wanaume walimtia kwenye kitanda cha kamba wakambeba kwa ile njia ya mawe, wakielekea Matrah. Mtoto alizaliwa njiani. Alikuwa wa kiume na hakulia. Mama alifika spitali akiwa hai, na akapona.

Sisemi kwamba nesi angemwokoa. Mimi si daktari, na ya Mungu namwachia Mungu. Nasema kwamba siku ile nesi aliyeletwa nchini kwa kazi hiyo hasa alikuwa anafagia chumba kitupu katikati ya mitende, na aliyemweka pale ni kanuni, na waliotia wino kanuni hiyo ni sisi. Kila nikilikumbuka damu inanipanda.

Nilikwenda Bustan kutoa taazia bahari ilipotulia. Mlango wa Zuwena ulikuwa wazi, kamba imetundikwa msumarini na kile kipande cha kanga. Kijiji kilikuwa kimejaa. Watoto wanakimbizana, wanawake wanaanika samaki, huwezi kupita bila kusalimia watu kumi. Nilikaa naye kitambo. Alikuwa amekonda, anaongea taratibu.

"Bi Khola, ile siku ya tende, mie uliniandika wapi?"

"Wattaya."

Akatikisa kichwa polepole. "Ndo maana," akasema. Hakunilaumu. Akaniletea kahawa.

Mista Dankan aliporudi kutoka likizo nilimweleza habari hiyo nikiwa nimesimama. Nilimwona macho yamemlowa, na kusema haki, hasira yangu ilipungua kidogo siku ile. Ilirudi baadaye. Alisema tutahesabu tena, mara hii wakati wa baridi, na akatimiza, ingawa ilimbidi aombe ruhusa kwa watu wengi na baridi mbili zikapita kabla hatujapewa karatasi.

Hesabu ya pili Bustan siisahau. Habari ilikuwa imetangulia. Hakuna aliyekwenda baharini siku ile. Tulipofika kila nyumba watu wake wamesimama nje ya mlango, wamevaa nguo za sikukuu, wazee wameletewa viti. Mama waliokuwa wakiogopa husda walinitajia watoto wao wenyewe, kwa sauti, kabla sijauliza. Walikuwa wamejua hesabu inagaia nini. Maalim Nassor alilazimika kusimama kando kusafisha miwani mara kwa mara.

Zuwena naye alisimama mbele ya mlango wake na mumewe. "Hapa," akaniambia, akionyesha ardhi kwa mguu. "Niandike hapa."

Nikamwandika hapo. Jumla ikapita kikomo bila taabu. Ramani ikachorwa upya: Bustan ikawa kijani, na Wattaya, ambayo wakati wa baridi ilikuwa mbuzi na visima, ikapakwa kijivu. Mista Dankan aliitundika ukutani mwenyewe, akaniita niione. Alitaraji nifurahi. Nilifurahi, sikatai. Nilikwenda nyumbani nikapika biriani.

Sasa sikilizeni. Barua ya kumhamisha Sista Mariama ilipita meza moja hadi nyingine. Mmoja yuko safarini, mwingine hana muhuri, wa tatu anataka ithibitishwe na wa kwanza. Mihuri yote ilipokamilika, tende zilikuwa zimeshawiva. Nilitumwa nimpeleke Sista Bustan pamoja na masanduku ya dawa. Wanaume walikuwa wameshatangulia mashambani. Tulishuka kwenye mashua asubuhi ile ile ambayo waliobaki walikuwa wanafunga milango.

Niliona mizigo imefungwa, watoto wamepandishwa juu ya punda, na kila mwanamke anakaza fundo lake. Chumba kipya cha dawa, ambacho watu wa Bustan walikijenga wenyewe na kukipaka chokaa, kilikuwa kinawangojea wale vikongwe na mzee wa nyavu. Sista Mariama alisimama mchangani na mwavuli wake, akaniuliza swali lile lile la Wattaya: "Watu wanakwenda wapi?"

Nilikasirika. Miaka yote ile, hesabu mbili, ramani mbili, mtoto mmoja kaburini, na tumemchukua nesi kutoka mahali wanapokwenda tukamleta mahali wanapotoka.

Zuwena akaja na bunda lake kichwani. Alikuwa mja mzito tena, na safari hii siku zake zilikuwa karibu, wakati wa tende hizo hizo. Akamtazama Sista, akayatazama masanduku, akanitazama mimi.

"Huyu ndo nesi wetu?"

"Ndiye."

"Basi na yeye afunge kamba, twende zetu. Mtu wa Bustan wakati wa qaidh anakaa hapa kufanya nini?"

Nikamfasiria Sista. Aliogopa. Akasema barua yake inasema Bustan, na akionekana kwingine atarudishwa kwao. "Nikiondoka hapa, kwa ruhusa ya nani?"

Ruhusa ya kumhamisha nesi ilikuwa ya watu wenye mihuri, na mimi sikuwa hata na kiti chenye mgongo. Nilikuwa na ubao, penseli na mwavuli.

"Yangu," nikamwambia.

Masanduku yakapandishwa juu ya punda. Zuwena akauvuta mlango wa chumba cha dawa, akaomba kamba, akaufunga kwa fundo lake mwenyewe. Kisha akachana ncha ya kanga aliyoivaa akaitia ndani ya fundo.

Niliporudi afisini Mista Dankan alikuwa mbele ya ramani na Maalim Nassor mezani kwake, akijifanya anachonga penseli.

"Nesi ameshafika Bustan?" Mista akauliza.

"Amefika na ameondoka."

"Yuko wapi?"

"Yuko na watu wa Bustan. Wakirudi atarudi nao, na qaidh ijayo wakienda ataondoka nao."

Akaitazama ramani, akafungua bweta la penseli za rangi. Akaitoa ya kijani, akairudisha. Akaitoa ya kijivu, nayo akairudisha. Alikuwa bado anatafuta rangi ya kuwatia, habari ilipotufika kwamba Zuwena amejifungua salama Wattaya, mtoto wa kike, na kwamba Bi Thuraya anataka nije nimwandike, na safari hii kwa watu wa Bustan, si kwake.